Kipande Chako Kilichobaki Juu ya Ardhi

Shangazi,

Nilianza kwa kukuuliza hali yako, nikakata. Salamu ni ya mtu atakayeitikia. Basi naingia moja kwa moja, kama ulivyokuwa ukiingia kwenye maduka ya jumla ya Zhanqian huku kwa Wachina, bila kukaa, mkoba ukiwa bado begani.

Nimemdanganya Baba juu yako. Kesho mchana anapanda ndege kurudi Dar es Salaam na mpaka sasa hajui. Nakueleza wewe kwanza kwa sababu huwezi kunigombeza, na kwa sababu ni wewe niliyekukosea. Nitaandika ovyo. Nina hasira, na hasira yangu imekosa adabu tangu tulipokuzika.

Nianzie kwenye jicho.

Kope lako la kulia lilianza kushuka wiki ile uliyokuwa ukikusanya magauni ya watoto ya kumpelekea Baba Kariakoo. Ulisema ni uchovu. Kikafuata kichwa. Ukameza panadoli, ukaenda kwa rafiki yako Mama Nasra akakupiga chuku za vikombe mgongoni, ukarudi na miduara sita myekundu ukasema umepona. Kope likazidi kushuka. Yule mwenye duka wa ghorofa ya tatu, uliyemwita laoban ingawa ubosi wenyewe ulikuwa wa meza moja na feni, akadhani unamfumbia jicho kwa dharau ya bei yake. Akapunguza. Ulifika nyumbani ukicheka mpaka ukakaa sakafuni. "Mama Vitabu," ukaniambia, "ningejua, jicho hili ningelifumba miaka kumi iliyopita!"

Na mimi nikacheka. Sijisamehe kwa hilo. Nilikuwa nimeshasoma kwamba kope likishuka pamoja na maumivu ya kichwa mtu haendi kulala, anakwenda hospitali. Nilikwambia mara moja, kwa hii sauti yangu ambayo hata aliye jirani huiuliza, "Unasemaje?" Ukanijibu, "Kontena likishafungwa bandarini Huangpu, tutakwenda." Sikusema mara ya pili.

Kontena lilifungwa Alhamisi. Ijumaa tulikwenda.

Daktari aliitazama picha ya kichwa chako, akanitazama mimi na sare yangu ya shule, akauliza mtu mzima yuko wapi. Nikamwambia mtu mzima si ndiye huyu hapa, shangazi yangu. Akatikisa kichwa. Hapa habari nzito haambiwi mgonjwa, huambiwa ndugu, na ndugu lazima awe na umri wa kuweka saini. Mimi nina miaka kumi na sita. Basi ukalazwa umngojee Baba apate viza. Siku nne, Shangazi. Kontena zima la magauni lilipata karatasi zake kwa siku mbili.

Kila asubuhi walikuja madaktari sita au saba kuizunguka picha yako. Mshipa mmoja wa damu nyuma ya jicho ulikuwa umevimba kama puto, na ndani ya puto mlikuwa na kitu wasichokijua. Mmoja alisema ni damu iliyoganda. Mwingine alisema haikai hivyo, huenda ni uvimbe wa saratani. Walibishana mbele yangu kwa Kichina cha mbio wakidhani sifuati. Niliwafuata mpaka neno la mwisho. Ulipouliza, "Wanasemaje, mwanangu?" nilikwambia wanasema upumzike. Ukasema, "Watu saba kuja kusema nipumzike! Hawa hawana wateja." Muuguzi akaniuliza mgonjwa anacheka nini.

Baba alifika jioni ya siku ya nne, amevaa koti la kuazima lenye mikono mifupi. Akasaini kila pahali walipomwekea kidole. Wakakupasua, wakaukata ule uvimbe, wakaubana mshipa. Wakatoka wakiwa wamechoka na wamefurahi. Ulipozinduka, neno lako la kwanza lilikuwa, "Mzigo umeondoka?" Baba akasema umeondoka, dada. Ukafumba macho yote mawili. Siku ya tatu mishipa mingine ya ubongo ikajikaza, ukapigwa na kiharusi, na hukunijibu tena. Nilikusomea Yasini. Nilikusomea pia ukurasa mmoja wa kitabu changu cha historia, maana vya kusoma viliniishia nami niliogopa kunyamaza.

Sasa nikueleze usiyoyajua.

Mama Nasra na wanafunzi wawili kutoka Tanga ndio waliokuosha, nami nilimimina maji. Muuguzi alikuwa amenipa nywele zako walizozinyoa, kwenye mfuko wa plastiki wenye jina lako limeandikwa kwa herufi za Kichina. Mama Nasra akazichukua, akaziweka ndani ya sanda, kichwani. Akasema, "Kilicho chake kiende naye." Baba alikuwa nyuma ya mlango akasikia. Neno hilo likamwingia.

Siku kumi baada ya mazishi, majibu ya maabara yakatoka. Daktari kijana, yule mwenye miwani aliyekuwa akikuita "ayi", yaani shangazi, badala ya kukuita kwa namba ya kitanda, akaniita mimi na Baba. Akachora nyuma ya karatasi. Akasema kile kitu ndani ya puto hakikuwa saratani. Damu ilikuwa imeganda mle muda mrefu, na seli za utando wa ndani wa mshipa zikaanza kuota juu yake, kama ngozi inavyojaribu kuziba kidonda, ila zikazidi, zikajaa. Akasema ni jambo linalotokea kwenye ngozi, vidoleni, mara nyingine shingoni. Ndani ya mshipa uliovimba ubongoni ni nadra mno, hata mwalimu wake hajawahi kuliona. Alisema "nadra mno" mara tatu. Macho yalikuwa yakimng'aa nyuma ya miwani, kisha akakumbuka sisi ni nani, akayainamisha.

Kitu chenyewe hakikuwa kibaya. Waliandika hivyo, na muhuri mwekundu juu yake. Nilimtafsiria Baba nikaona aibu, kama vile ninamwambia hukuwa na sababu ya kufa.

Halafu daktari akatoa karatasi nyingine. Wanaomba ruhusa ya ndugu wakuandike kwenye jarida la madaktari, pamoja na picha za kile kipande. Jina lako halitatokea. Utakuwa mwanamke wa miaka hamsini na moja, mfanyabiashara, aliyekuja na kope lililoshuka. Yule laoban hatakuwemo, wala Mama Nasra na vikombe vyake.

Baba hakuuliza habari ya jarida. Aliuliza, "Kwani kile kipande wanacho?" Nikasema wanacho. Daktari akaanza kupanga kalamu zake. Baba akasema, "Kumbe dada yangu nimemzika pungufu." Akanigeukia. "Waambie wanirudishie. Wakinirudishia, nitasaini."

Tukapelekwa kwenye dirisha la maabara. Mama wa dirishani alinieleza kwamba nyama yenyewe imegandishwa ndani ya nta na haitoki kamwe. Kinachotoka ni kioo, yaani slaidi, ambayo juu yake wameweka utando mwembamba uliokatwa kutoka kwenye ile nyama. Ndugu huazimwa ili wapeleke hospitali nyingine kupata maoni, kisha wairudishe. Baba alikuwa kando yangu, pasipoti mkononi, anamtabasamia yule mama kama anavyowatabasamia watu wa forodha. Nikamwambia yule mama kwa Kichina, tunataka maoni ya hospitali nyingine. Nikamwambia Baba kwa Kiswahili, wamekubali, ila wametoa kidogo. Uongo mara mbili, lugha mbili, dakika moja. Hakuna aliyenishuku. Mtoto mpole akisema uongo watu hudhani wamesikia vibaya wao.

Naapa, wakati ule nilikusudia kukizika. Hospitali ningewaambia kimevunjika. Lakini ilikuwa Alhamisi, na Baba alitaka twende makaburini Jumapili ambapo sina masomo. Ijumaa nikaenda nacho shule, ndani ya kisanduku cha miwani yako ya kusomea.

Unaijua kazi yangu pale shuleni, ulikuwa ukiicheka. Wenzangu wanacheza mpira wa kikapu, mimi napangusa hadubini za mwalimu wa baiolojia. Saa ya chakula nikabaki peke yangu maabara. Nikakiweka kioo chako chini ya lenzi.

Mwanzoni niliona rangi ya waridi tu. Nikazungusha mpaka ikatulia. Shangazi, vilikuwa vidole. Vidole vidogo visivyohesabika, vimesimama kila upande, na kila kimoja kimefunikwa safu moja ya seli, moja tu, zimepangwa kama zilivyopangwa na mtu aliyeogopa kupoteza nafasi. Katikati kulikuwa na damu ya zamani iliyoganda, imepauka. Ulinifundisha kwamba gauni hukaguliwa kwa kuligeuza ndani nje, kwamba mshono wa nje ni wa kumfurahisha mnunuzi na mshono wa ndani ndio unaosema ukweli. Nimeuona mshono wako wa ndani. Ulikuwa umeshonwa vizuri. Ulikuwa umeshonwa kupita kiasi. Mwili wako ulikuwa kazini mle gizani, unaziba, unaongeza, unaziba tena, wala haukumwambia mtu kwamba umechoka, mpaka kope likaanguka.

Sikulia. Nilikasirika. Nilitaka kiwe kitu cha kutisha, nikute uchafu niuchukie. Nikakuta kazi. Nikakuchukia wewe kwa dakika nzima. Wewe na kontena lako.

Kengele ikakaribia. Kabatini kuna masanduku ya slaidi za kufundishia: mguu wa nzi, shina la mahindi, ngozi ya kitunguu. Ile ya kitunguu imetiwa rangi nyekundu. Ukiishika mbali na macho, hazitofautiani sana. Nilibandua karatasi ya jina kwenye ile ya kitunguu. Nilifanya taratibu, kwa kucha, sikuwa na wazimu wowote. Kisha nikaitia kwenye kisanduku cha miwani yako, na yako nikaiweka katikati ya kamusi.

Sababu ya kusema mbele za watu ninayo. Daktari kijana aliniambia kwamba madaktari wakisoma habari yako, siku moja mmoja wao ataona picha kama ile na hatabishana siku nne. Hiyo ni kweli, na kioo kilichozikwa hakuna daktari atakayekisoma; nilikuwa nayo kichwani. Lakini kwako wewe sihitaji sababu ya mbele za watu. Sababu nyingine ni kwamba kila kitu chako kilikuwa kimeshagawiwa. Nguo zimekwenda kwa wanafunzi. Simu ameahidiwa binamu aliyeko nyumbani. Wateja wako Mama Nasra anawapeleka madukani, na wanamwita kwa jina lako kwa kusahau. Kile kioo kilikuwa kipande cha mwisho kilichobaki juu ya ardhi, na hakuna mtu duniani aliyekijua zaidi yangu. Nilikiona. Sikuweza kukirudisha gizani.

Jumapili tukaenda. Kaburi lako bado ni udongo mwekundu, halijaota kitu. Kushoto kwako kuna mzee wa Kichina, Hajji, na kulia ni patupu. Baba alikuwa amekata kitambaa kutoka kwenye sanda iliyobaki. Akakizungushia kioo bila kukitazama, macho akiyaweka pembeni, kama mtu anayemsitiri dada yake. Akafukua kwa vidole upande wa kichwani, akakilaza, akafukia. Akasoma dua. Halafu Baba, ambaye hakutoa chozi hospitali wala siku ya mazishi, akaweka paji la uso juu ya magoti yake, akalia kwa sauti. Akasema, "Sasa umekamilika, dada. Sasa umekamilika."

Shangazi, Baba amezika ngozi ya kitunguu.

Nilisimama pale. Unakumbuka yule mwenye kiwanda cha mabegi aliyekuonyesha sampuli nyingine akapakia mzigo mwingine? Ulikwenda ukakaa kwenye kigoda chake tangu anafungua mpaka anafunga, maji ukakataa, chai ukakataa. Akikwambia "mei you", hakuna, unamjibu "mei you" hivyo hivyo, mpaka wateja wake wakaanza kupita pembeni. Nilikuwa na miaka tisa, nimekaa chini nafanya hesabu za shule. Usiku njiani ukaniambia, "Anayekubadilishia sampuli hajakuibia mali, mwanangu. Amekufanya mjinga, na ujinga haurudishwi kwa rejesho la pesa." Hayo ndiyo niliyomfanyia mdogo wako. Mbele ya kaburi lako.

Jioni ile akasaini ruhusa. Akaikunja mara mbili, akanipa. Akaniambia kwamba alikuwa na nia ya kunirudisha nyumbani, kwa kuwa hapa sina tena mtu. Alikuwa ameshazungumza na Mama, na shule moja ya bweni ya Tanga wameshaiulizia. "Lakini nimekuona ulivyohangaika kwa ajili ya shangazi yako," akasema. "Kaa kwa Mama Nasra umalize shule. Wewe ndiye sauti yangu katika nchi hii, na huniongopei."

Angenipiga ningepata nafuu.

Tangu hapo daktari kijana ananitumia ujumbe. Ananiuliza baba amesemaje, tena kwa upole, na mwisho anaweka picha ya ua. Karatasi iko kwenye begi langu siku ya sita. Nikimpelekea, atakuandika kwa saini niliyoipata kwa kitunguu. Nisipompelekea, hutaandikwa, na nitakuwa nimemdanganya Baba bure. Kila nikipanga maneno ya kumwambia, naona Tanga. Naona darasa la watu themanini na mimi nimekaa nyuma, nasema jibu sahihi na hakuna anayesikia. Nataka kusoma udaktari hapa, Shangazi. Hukuwahi kulisikia hilo kwa sababu sikuwahi kulisema. Nimekuwa mwoga siku zote, na uoga wangu watu wameuita tabia njema, na wewe ulikuwa wa kwanza. Ulipenda kuwaambia wateja, "Huyu hana makuu, hata sauti hana." Nilikuwa nayo. Nilikuwa naisubiri unipe nafasi, na wewe ulikuwa ukizungumza.

Haya. Yametoka.

Leo Baba amefunga sanduku. Ameweka ndani miwani yako, ile bila kisanduku, na khanga mbili. Ananiita nionje kama pilau ya Mama Nasra imeiva, maana yeye tangu ufe hapati ladha. Sauti yake imerudi kidogo. Amelala vizuri wiki hii, kwa sababu ya kile alichozika. Na mimi ndiye nitakayekwenda kumwamsha.

Nilitaka kungoja mpaka uwanja wa ndege wa Baiyun, pale abiria wanapoagana. Nimeacha. Uwanja wa ndege watu hulia, na anayelia husamehe lolote ili asichelewe. Sitaki kusamehewa kwa haraka ya ndege. Nitamwambia kesho baada ya sala ya alfajiri, kabla ya chai, wakati Mama Nasra yuko jikoni na sisi wawili tumebaki kwenye mkeka. Nitaweka mbele yake vitu viwili, kioo chako cha kweli na karatasi yenye saini yake. Nitamwambia nilichomwambia yule mama wa dirishani, neno kwa neno. Nitamwambia kuhusu vidole, na safu moja ya seli. Akitaka kukiona, nitakiinua kwenye mwanga wa dirisha, ataona doa la waridi tu, lakini ataona. Akisema kizikwe, tutakwenda tukizike, na hospitali nitakwenda mimi kusema ukweli. Akiichana karatasi, nitampelekea daktari kijana jibu hilo kwa mdomo wangu. Akisema nifungashe, nguo zangu zinaingia kwenye begi moja, vitabu vitabaki.

Sitamsihi. Hilo nakuahidi. Wala sitalia kabla yake.

Na bado nina hasira nawe. Usidhani barua hii imeiondoa. Ungekwenda Jumatatu badala ya Ijumaa, labda ningekuwa naandika kazi ya shule sasa. Labda. Daktari kijana anasema hakuna anayejua, lakini daktari kijana hakukuona ukimeza panadoli mbili mbili kwa soda. Nitakuombea kila siku na nitakukasirikia kila siku, na sioni kwa nini moja lizuie jingine.

Kwaheri, Shangazi. Mungu akuangazie mle ndani. Baba akikubali ama akikataa, nikibaki ama nikirudi, kabla sijaondoka mji huu nitakuja peke yangu, upande wa kichwani, nifukue kwa mikono yangu. Kitunguu nitakitoa.

Mwanaisha